Chukulia Hakuna Watu

Mimi si mtu wa milimani. Nimezaliwa Mnazi, chini kule tambarare, ambako mtu akikuelekeza njia ananyoosha mkono, nawe unaufuata huo mkono mpaka unafika. Nilipopata kazi ya kufundisha hisabati kwenye shule moja ya sekondari huku juu Usambara, kitu cha kwanza nilichogombana nacho kilikuwa neno "hapo". Shule iko wapi? Hapo tu, dada. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena viatu vikiwa mkononi, na kila niliyekutana naye aliniambia ni hapo tu. Nilifika nimefura kwa hasira, na mkuu wa shule akanipa pole ambayo wala sikuihitaji.

Ilikuwa shule ya kutwa, moja ya zile zilizoanza kuchipuka kila kona baada ya kutolewa ruksa wazazi na makanisa wajenge za kwao. Ada ilikuwa imerudi, mitumba imejaa masokoni, na kila mtu alikuwa anajifunza upya kuhangaika. Madarasa yetu hayakuwa na dari wala maji. Bomba lilikuwa limeahidiwa, na mpaka leo sijui aliyeliahidi alikuwa nani. Kwa hiyo sheria ikawa kila mwanafunzi aje asubuhi na dumu la maji, mengine ya jikoni, mengine ya vyooni.

Sheria ya pili ilikuwa ya geti. Mkuu wa shule, ambaye naye ni mtu wa huko huko milimani, upande wa Mponde, alikuwa mtu wa saa. Ringi la gari lililokuwa kengele yetu likishagongwa, alifunga geti kwa kufuli kwa mkono wake, kisha akasimama pale na ufunguo wake. Ukifungiwa nje mara kwa mara, unarudishwa nyumbani kumleta mzazi. Hakuwa mtu katili. Aliamini kwamba mzazi anauza kabichi na karoti kulipa ada, na mtoto anayechelewa anamwibia. Geti lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa kichekesho, maana pembeni yake hakukuwa na ukuta ila michongoma, na mbuzi walipita wapendavyo. Lakini hakuna mwanafunzi aliyethubutu kupita walikopita mbuzi.

Kidato cha pili nilikuwa na msichana mmoja mwenye kichwa chepesi kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na aliyechelewa kuliko wote. Aliishi na bibi yake mzaa mama. Baba na mama walikuwa wachuma chai kwenye mashamba ya upande wa Bulwa. Kule minong'ono ya shamba kuuzwa ilikuwa imeanza, na mchumaji hulipwa kwa kilo, kwa hiyo kila mkono unaoongezeka ni chakula. Baba yake hakuificha nia yake. Siku anamwandikisha alimwambia mkuu wa shule, mbele yangu: "Mkiniita kwa utovu wake wa nidhamu, msihangaike kunieleza. Nitakuja na kikapu cha kuchumia, na ataondoka amekibeba." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja bei.

Na mkuu wa shule alikuwa ameshamwambia msichana: ukifungiwa nje mara moja tu tena, baba yako aje.

Nilimuuliza kwa nini anachelewa. Akasema anatoka nyumbani na dumu tupu, anafuata barabara mpaka darajani, anachota, halafu anapanda kuja shule na mzigo kichwani. Nikaona barabara ile ilivyojizungusha mlimani, nikajiambia, ala, hili si tatizo la utovu wa nidhamu. Hili ni tatizo la jiometri. Nyumba ipo, mto upo, shule ipo, na mtu lazima aguse mto kabla ya kufika shule. Kuna mahali pamoja tu mtoni panapofanya safari nzima iwe fupi kuliko zote, na hapo mahali panatafutwa kwa kamba.

Muhtasari wa kidato cha pili haukutaka mambo hayo. Nilianza nayo hata hivyo. Kwanza nilinunua karoti sokoni, zile nene za Lushoto, kwa sababu karoti ni koni aliyoitengeneza Mungu bila rula. Ukiikata sawasawa unapata duara. Ukiikata mshazari unapata duaradufu. Ukiikata sambamba na ubavu wake unapata parabola. Haipabola niliiahirisha, maana inataka karoti mbili zilizogusana ncha, na tulipofika hapo darasa lilikuwa limeshazila. Kiingereza kilikuwa cha ubaoni, Kiswahili cha kuelewa, na Kishambaa cha kunong'ona, na siku ile vinywa vilijaa karoti, hata kunong'ona hawakuweza.

Kisha tukatoka uwanjani. Nilipigilia vigingi viwili, nikavifunga kamba ya katani iliyolegea, ncha moja kigingi hiki, ncha nyingine kigingi kile. Mwanafunzi mmoja akaisukuma kamba kwa fimbo mpaka ikakaza, akatembea nayo akichora ardhini. Kamba hairefuki, nikawaambia. Kwa hiyo popote fimbo ilipo, ukijumlisha umbali wake kutoka vigingi vyote viwili unapata jibu lile lile. Umbo lililotokea ndilo duaradufu. Walilitazama kwa heshima kidogo, kwa sababu karoti walikuwa wameila lakini hili liliwashinda kula.

Nikamwaga mstari wa majivu upande mmoja wa vigingi. Huu ni mto, nikasema. Kigingi hiki ni nyumbani, kile ni shuleni. Sikutaja jina la mtu, lakini nilikuwa nimeupanga mchoro ufanane na kwao yule msichana, na darasa zima likageuka kumtazama kabla sijamaliza sentensi. Nikajifanya sikuona. Tukaanza na kamba fupi, duaradufu haikuufikia mto. Tukairefusha kidogo kidogo mpaka mchoro ukaugusa mstari wa majivu mahali pamoja tu, bila kuuvuka. Hapo, nikawaambia, ndipo pa kuchota maji.

Tulirudi ndani tukahakikisha kwa karatasi. Kunja karatasi kwenye mstari wa mto, toboa ile alama ya nyumba kwa ncha ya bikari, kunjua. Sasa nyumba ina mwenzake ng'ambo ya mto. Piga mstari mnyoofu kutoka kwa huyo mwenzake mpaka shuleni, na pale unapoukata mto ndipo penyewe. Jibu likawa lile lile la kamba. Yule msichana aligonga dawati kwa furaha. Aliuliza kama ni kweli kila mara, hata mto ukiwa karibu zaidi na nyumba kuliko shule. Nikamwambia ajaribu. Akajaribu, akasema ni kweli, akacheka peke yake.

Wengine hawakuridhika upesi hivyo. Mmoja akanyoosha mkono.

"Madam, pale ni mteremko."

"Chukulia ni tambarare."

"Kuna magimbi ya watu."

"Chukulia hakuna magimbi."

Kisha mvulana wa nyuma kabisa akauliza kwa upole, ule upole wao wa kutega: "Na watu wenyewe, Madam?"

"Chukulia hakuna watu," nikasema, nikafuta ubao. Niliwasikia wakinong'ona Kishambaa na kuzuia kicheko, nikadhani wananicheka lafudhi.

Kesho yake msichana hakuonekana kengele ilipogongwa. Kipindi cha kwanza kikapita. Cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho nilipomwona kwa dirisha, amesimama nje ya geti, dumu kichwani, mkono wa kushoto umeshika mkungu mdogo wa ndizi. Nilitoka mbio. Mkuu wa shule alikuwa ameshafika pale, ufunguo mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, si wa mtu mwenye hasira. Nilimsihi. Nilisema kosa ni langu, ni mimi niliyempa njia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua.

"Nakupa kesho, Madam," alisema. "Kesho akifungiwa nje, namwita baba yake, na wewe usinifuate hapa."

Nilimvuta yule mtoto pembeni.

"Ulipita wapi wewe?"

"Njia yako, Madam."

"Njia yangu ni nusu ya ile ya barabarani!"

"Ndiyo, Madam. Lakini inapita kwenye viwanja vya watu."

Ikabidi nielezwe kama mgeni, na darasa zima lilijitolea kunieleza kwa wakati mmoja. Barabarani mnasalimiana huku mnatembea, neno moja, mawili, basi. Lakini kiwanja cha mtu, yaani ule uwanja uliofagiwa mbele ya nyumba yake, hukipiti hivi hivi. Unasimama. Unatua mzigo. Unapiga goti, shikamoo, unangoja marahaba. Kisha mwenye nyumba anaanza Kishambaa, onga maundo, yaani umeamkaje, nawe unajibu niwedi, salama, halafu ndiyo kwanza salamu inaanza. Bibi ameamkaje? Mguu wake? Baba huko Bulwa? Na mama? Ng'ombe ameshazaa? Ukimaliza unasaidiwa kujitwisha, unatembea hatua chache, unatokea kiwanja kingine. Mstari wangu mnyoofu ulikuwa umepita katikati ya ukoo mzima wa mama yake. Wa mwisho alikuwa amempa ndizi, na kukataa ndizi kungechukua muda zaidi.

"Na nyie mlijua haya?" nikawauliza.

Walijua. Hata anayetoka kijiji kingine alijua.

"Mbona hamkuniambia?"

Yule mvulana wa nyuma alisimama, kama inavyotakiwa mwanafunzi anapojibu. "Ulisema tuchukulie hakuna watu, Madam."

Darasa likaangua kicheko mpaka wengine wakalala madawatini. Msichana peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama ile karatasi yake iliyokunjwa, na alinitia huruma, kwa sababu jibu lake lilikuwa sahihi kabisa.

Jioni ile nilifuatana naye kwao. Nilitaka kuiona njia, na nilitaka kumwona huyo bibi. Jamani! Mimi niliyezoea salamu za Mnazi nilipiga shikamoo mpaka midomo ikakauka. Kila kiwanja walitaka kujua mwalimu wa hesabu wa kike anatoka kwa nani, ameolewa wapi, na kwa nini ni mwembamba. Nilifika kwa bibi nikiwa na parachichi kwenye mfuko na mengine kwenye khanga, na giza lilikuwa linaanza kuingia.

Bibi alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi, mguu mmoja ameunyoosha. Ulikuwa umevimba kwenye goti. Tulisalimiana kikamilifu, sikuruka kitu. Kisha nikamweleza: geti, kengele, baba wa mtoto, kesho ya mwisho. Nikamweleza na njia fupi. Nilichora hata kwa kijiti kwenye majivu ya jiko, nyumba, mto, shule.

Aliutazama mchoro wangu kwa muda. "Kwa hiyo kosa la mtoto ni kusalimia?"

"Si kosa, bibi. Muda tu."

"Nimemlea mimi. Unataka apite mbele za watu kama mbuzi?"

"Hapana, bibi."

"Wakija kumposa, watauliza alikuwa anapita vipi kwenye viwanja vya watu. Hawatauliza hesabu."

Nilikasirika, nasema kweli, nilikasirika kwa sababu mwanamke yule alikuwa anaongea kuhusu kuozeshwa wakati mtoto yuko mbioni kupelekwa kuchuma chai, na kwa sababu hakuwa amekosea. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikupaswa kumtolea mtu wa umri wake, kwamba kesho akifungiwa nje hakutakuwa na hesabu wala viwanja, ni Bulwa moja kwa moja. Bibi akaendelea kumenya. Baadaye aliuliza jambo moja tu.

"Huyo anayefunga geti, ni mtoto wa wapi?"

Nikamwambia ni wa upande wa Mponde. Akaitikia kwa koo, akanipa kiazi cha kuchoma nile njiani.

Asubuhi nilifika shuleni mapema nikasimama nyuma ya geti kama mlinzi. Wanafunzi waliingia makundi kwa makundi na madumu yao. Msichana hayumo. Ringi likagongwa. Mkuu wa shule akalisukuma geti, akatoa kufuli mfukoni. Hapo ndipo nilipowaona wakitokeza kwenye kona, bibi mbele, anauvuta ule mguu na fimbo mkononi, na msichana nyuma yake, dumu kichwani, anatembea kwa mwendo wa bibi. Ningeweza kulia. Walikuwa wamechelewa kwa sababu ya yule yule aliyekuja kusaidia.

Mkuu wa shule aliwaona. Alikuwa ameshika kufuli, geti halijafungwa bado, na mwanamke mzee anamjia moja kwa moja. Mtu wa milimani hawezi kumfungia mtu mzima geti usoni. Alisubiri. Bibi alipofika, mkuu aliinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha bibi akaegemea fimbo na kuanza. Onga maundo. Mkuu akajibu. Mama yako ameamkaje? Bado anaishi kule kule? Na baba? Poleni, sikusikia. Alizikwa na nani? Basi yule mchungaji namjua. Na chai yenu mnaivuna bado? Kiwanda kinapokea? Mkuu wa shule alijibu moja baada ya jingine, mikono ameifumbata mbele, kufuli likining'inia kidoleni. Nyuma ya bibi walikuwa wameanza kujipanga wachelewaji wengine, kimya, kila mmoja na dumu lake, na hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilitazama chini.

Bibi alipomaliza upande wake alinyamaza, akapisha. Msichana akatua dumu. Akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Nadhani mkuu wa shule alishajua kwamba akiitikia, hawezi tena kumfungia nje. Alimtazama mtoto, akamtazama bibi. Ungeweza kusikia maji yakitikisika kwenye madumu.

"Marahaba," alisema.

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Hongea sana, nashukuru. Jana usiku nimepita kwa majirani wote. Tumekubaliana, asubuhi ya shule mtoto atasalimia huku anatembea, na jioni akirudi ndipo atatua mzigo asalimie vizuri. Sisi wazee tumepunguza upande wetu. Na wewe umepunguza nini?"

Mkuu wa shule alilitia kufuli mfukoni, akalivuta geti mpaka likafunguka lote, akasema wapite. Wote. Kila aliyepita alisema shikamoo, na kila mmoja aliitikiwa. Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikaenda darasani kabla hajaniona usoni. Kuanzia siku ile geti lilifungwa baada ya mtu wa mwisho anayeonekana njiani kufika, na wakati mwingine mkuu alimngoja mtoto akiwa bado ng'ambo ya bonde. Msichana alipita njia yangu asubuhi. Jioni, niliambiwa, alichukua saa nzima kufika nyumbani.

Baba yake hakuitwa. Alikuja mwenyewe, miaka miwili na zaidi baadaye, siku ya mahafali ya kidato cha nne. Shamba lilikuwa limeshauzwa na wengi wa wenzake walikuwa wamerudishwa makwao, yeye alibaki. Alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, ule usiotoka kwa sabuni. Alinipita umri kwa mbali, alikuwa rika la baba yangu mdogo. Nilikuwa naandaa midomo nimsalimie, lakini alinitangulia. Alivua kofia, akainama.

"Shikamoo, mwalimu."

Kuitikia sikuweza, na kutoitikia ni vibaya zaidi. Binti yake, aliyesimama kati yetu na cheti mkononi, alishtuka akamvuta mkono. "Baba, Madam ni mdogo kwako!"

"Najua," alisema, na hakuinuka mpaka nilipoitikia.